Sindano ya goti la mama: nitajuaje kama dawa iliingia panapotakiwa?

Shikamoo daktari,

Naandika kutoka Tandahimba kwa niaba ya mama yangu. Ana miaka 63, ana kisukari na anatumia vidonge, na magoti yote mawili yanamtesa tangu msimu wa korosho wa mwaka juzi. Picha ya eksirei ilionyesha magoti yamesagika, ndivyo tulivyoambiwa. Shamba la mikorosho aliliacha marehemu baba, na mama hataki kumwachia mtu. Kuanzia Oktoba anainama tangu alfajiri kuokota mpaka jua linakuwa kali. Siku hizi kukaa kwenye mbuzi akune nazi hawezi, chooni anashika ukuta ili ainuke, na sala anasalia kwenye kiti.

Mwezi wa nane tulimpeleka zahanati moja ya binafsi, tukaambiwa ipo sindano ya kuchoma ndani ya goti, inamaliza maumivu. Tukalipa. Mimi nilikuwemo chumbani. Mhudumu alimkalisha mama kitandani miguu inaning'inia, akapapasa goti la kulia kidogo tu, akachoma kwa mbele, chini ya pia ya goti. Hakuvuta kitu chochote. Nilimwona anasukuma bomba kwa nguvu mpaka mkono unatetemeka, na mama, ambaye si mtu wa kulia, alilia. Wiki ya kwanza hakuna nafuu, ya pili hakuna. Baadaye pale palipochomwa ngozi ikaanza kuwa nyeupe, upana wa sarafu, na ukigusa pamebonyea. Jirani mmoja akaanza kunong'ona kwamba ni ukoma.

Mwezi wa kumi goti la kushoto likavimba. Safari hii tukaenda hospitali kubwa. Daktari alimlaza chali, akaweka shuka lililokunjwa chini ya goti, akabonyeza-bonyeza, akaweka alama kwa kalamu pembeni upande wa nje. Kwanza akavuta maji ya manjano, bomba likajaa. Sindano akaiacha palepale, akabadilisha bomba, akaingiza dawa. Mama anasema hakusikia hata ilipoingia. Jioni ile alikwenda kwa jirani bila fimbo. Nafuu ilidumu kama miezi miwili, ingawa siku ya pili sukari ilipanda mpaka 17, tukaogopa sana. Sasa maumivu yanarudi taratibu.

Kaka yangu yuko Dar. Anataka tumpeleke huko achomwe kwa kuongozwa na utrasaundi, maana anasema huku wanabahatisha. Hela ya korosho ipo, lakini ndiyo hiyohiyo ya ada za watoto na ya pembejeo. Shangazi naye anasema sindano hizo zinakula mifupa, tusithubutu tena. Naomba unieleze: ile ya kwanza ilikosea? Ni kweli kwamba bila mashine wanabahatisha? Na je, tumchome tena au tuache?

Binti wa Tandahimba

*

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole, na wewe nikushukuru kwa kukaa naye chumbani na kuangalia kwa makini. Barua yako ina mambo ambayo hayamo kwenye vyeti vingi vya wagonjwa.

Kwa maelezo yako, naamini dawa ya goti la kulia haikuingia ndani ya kiungo, au sehemu yake kubwa ilibaki nje. Kinachonifanya niamini hivyo kwanza ni ile nguvu. Ndani ya goti kuna uwazi wenye ute unaoteleza. Ncha ya sindano ikishafika mle, dawa inaingia yenyewe kwa kidole kimoja, mgonjwa hashtuki. Bomba likigoma, maana yake ncha imezama kwenye mafuta yaliyo nyuma ya kano la pia ya goti, au kwenye kano lenyewe, au imegota kwenye gegedu, ule utando mgumu unaoteleza juu ya ncha za mifupa. Anayejua kazi akikuta ugumu anasimama, anarudisha sindano nyuma kidogo, anabadilisha mwelekeo, anajaribu tena taratibu. Kulazimisha ni hatari, kwa sababu dawa hizi zikimiminwa ndani ya kano zinalidhoofisha, na kano lililodhoofika linaweza kukatika.

Cha pili ni hiyo ngozi. Dawa za jamii ya steroidi, zile za kutuliza uvimbe zinazochomwa viungoni, kama triamsinoloni, zikitua kwenye mafuta ya chini ya ngozi zinayayeyusha, na ngozi ya juu yake inapoteza rangi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi doa hilo linaonekana hata kwa mbali. Hata sindano iliyolengwa vizuri inaweza kuacha doa, kwa sababu tone moja mawili hurudi kupitia njia ya sindano inapotolewa. Lakini doa pamoja na shimo, tena baada ya bomba kugoma na nafuu kukosekana kabisa, vinanielekeza kwamba dawa nyingi iliishia juujuu. Rangi kwa kawaida hurudi, ila huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na wapo ambao haikurudi yote.

Kuhusu ukoma, mfunge mama macho, umguse katikati ya doa kwa kipande cha pamba, kisha umguse pembeni. Doa la ukoma kwa kawaida limekufa ganzi. Akisikia pamba sawasawa kote, maneno ya jirani yaishe hapo. Asiposikia, mpelekeni akapimwe, maana ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure.

Umeandika pia kwamba hakuna kilichovutwa. Hilo peke yake simlaumu nalo mhudumu. Goti kavu halina maji ya kuvuta, na ncha inaweza kuwa mahali pake bila tone lolote kuonekana. Ninachomlaumu ni kuchoma goti kavu kwa haraka, kwa kupapasa kidogo, halafu kulazimisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kukosa kiungo kwa sindano ni kawaida kuliko watu wanavyodhani, hata kwa mabingwa. Sindano za steroidi ndani ya viungo zimekuwepo tangu 1951, wakati Joseph Hollander wa Philadelphia, Marekani, alipoandika juu ya kuingiza haidrokotisoni, mojawapo ya steroidi, kwenye viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi. Miaka mingi baada ya hapo madaktari waliamini tu kwamba dawa imefika. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza walichanganya dawa na rangi inayoonekana kwenye eksirei, wakachoma viungo mbalimbali kama walivyozoea, kisha wakapiga picha. Zilizokuwa ndani ya kiungo kwa hakika zilikuwa kidogo tu zaidi ya nusu, na hao walikuwa wataalamu wa viungo.

Mwaka 2002 utafiti mwingine, wa Marekani, uligusa jambo lenu moja kwa moja. Daktari bingwa mmoja wa mifupa alichoma magoti 240 yasiyokuwa na maji, kwa njia tatu tofauti, akihakiki kila sindano kwa picha. Alipopita mbele goti likiwa limekunjwa, kama alivyofanya yule mhudumu wenu, alifika ndani kwa asilimia 71 upande wa nje na asilimia 75 upande wa ndani. Alipomlaza mgonjwa, goti likanyooka, akapita pembeni upande wa nje katikati ya pia ya goti, alifika kwa asilimia 93. Mkono ni uleule, dawa ni ileile, kilichobadilika ni njia. Kwa hiyo daktari wa mwezi wa kumi, aliyemlaza mama, akatafuta mahali, akaweka alama, hakubahatisha. Na alipovuta maji akapata uthibitisho mbele ya macho yenu, maana maji ya goti hutoka ndani ya goti tu.

Dawa isipofika panapougua, ubora wake haukusaidii. Ni sawa na kupuliza salpheti kwenye shina la mkorosho wakati ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, uko kwenye maua.

Twende kwenye mashine ya kaka yako. Utrasaundi inamwonyesha daktari sindano ikitembea, mfuko wa kiungo, mishipa ya damu na maji yalipojificha, na kwa mkono uliozoea inafikisha dawa ndani zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye swali ambalo mama angeliuliza yeye mwenyewe: je, nitaumwa kidogo zaidi? Hapo majibu hayana kishindo. Kwa bega, mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi yaliona kwamba kuongozwa na picha, ukilinganisha na kuchoma kwa kupapasa, huenda kunaongeza nafuu kidogo sana au hakuongezi kabisa. Kwa goti lenye maji, lililochomwa na anayelijua, sioni sababu ya kuuza gunia la korosho kwa ajili ya mashine.

Nyonga ni habari nyingine. Kiungo cha nyonga kimejificha ndani sana, na mshipa mkubwa wa damu na wa fahamu vinapita mbele yake. Mtu akitaka kumchoma mama ndani ya nyonga kwa kupapasa tu, mkatalie kwa heshima muondoke. Goti kavu la mtu mnene, au goti ambalo limeshakosewa mara moja, nalo linastahili mashine kama ipo karibu. Goti la kulia la mama liko kwenye kundi hilo.

Na karibu si lazima iwe Dar. Kabla ya kununua tiketi, mpigie simu mtu aulize Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, au hospitali ya mkoa ya Ligula, au hospitali ya Ndanda mkipitia Masasi, kama wiki hiyo daktari wa mifupa yupo na kama huchoma kwa utrasaundi. Mashine kuwepo kwa ajili ya wajawazito haimaanishi kuna anayeitumia kuongoza sindano ya goti, kwa hiyo swali liulizwe hivyohivyo, lisikatishwe njiani.

Popote mtakapokwenda, muulizeni daktari, kwa adabu lakini bila woga: utajuaje kwamba ncha imefika ndani? Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Atakuambia kama kuna maji na kama ataanza kuyavuta, atapita upande gani, au kwamba atachanganya na dawa ya ganzi, ili mama akipata wepesi ndani ya dakika chache iwe dalili kwamba imefika. Ile safari ya jioni ya kwenda kwa jirani bila fimbo nadhani ilitokana na maji kutolewa, na ganzi kama ilikuwemo. Steroidi yenyewe huchukua siku kadhaa kushika. Mwombeni pia aandike kwenye daftari la mama jina la dawa, kiasi, goti gani na tarehe. Wagonjwa wengi huja wakisema tu walichomwa sindano ya goti, na ukidadisi unakuta ilikuwa diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu, ya makalioni, ambayo ni dawa tofauti kabisa na haikugusa goti. Kwa mama, diklofenaki za mara kwa mara, ziwe za vidonge au za sindano, sizipendi hata kidogo. Ana kisukari, figo zake zinahitaji kulindwa.

Shangazi naye msimpuuze. Mifupa hailiwi kwa sindano moja, lakini ana hoja. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 140 wenye magoti yaliyosagika na kuvimba. Nusu walichomwa triamsinoloni miligramu 40 kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2, nusu wakachomwa maji ya chumvi. Waliopata dawa gegedu lao lilipungua zaidi, kwa kiasi kidogo lakini cha kupimika, na maumivu yao mwishoni hayakuwa nafuu kuliko ya waliochomwa maji ya chumvi. Sindano hii ni ya kuzima moto goti linapovimba, si ya kupangia ratiba. Hata ikifika mahali pake inatoa nafuu ya wiki chache, pengine miezi miwili kama mlivyopata, na ikifika miezi sita hakuna tofauti. Atakayewaambia inamaliza maumivu anauza asichokuwa nacho.

Ushauri wangu basi ni huu. Goti la kushoto msilichome kabla ya miezi mitatu kupita tangu ile ya mwezi wa kumi, na hata ikishapita, lisichomwe kama halijavimba. La kulia lipimwe upya. Likikutwa na maji, yavutwe na dawa iwekwe kwa njia ya pembeni au kwa mashine. Lisipokuwa na maji, aanze na mazoezi.

Tena mazoezi nayaweka mbele ya sindano, na nasema hivyo kwa moyo wote kwa sababu ndiyo tiba ambayo watu wetu hawapewi. Msuli wa mbele ya paja ndio unaobeba goti, na mtu anayeumwa goti huacha kuutumia, ukanywea, goti likazidi kuumwa. Mama akae kwenye kiti chenye mgongo, anyooshe mguu mmoja mpaka paja likaze, ahesabu mpaka tano, ashushe polepole. Arudie mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo atalalamika. Maumivu yakiwa ya kuvumilika aendelee, goti likivimba apunguze. Fimbo aishike kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma zaidi. Wengi huishika upande mbaya. Chooni mwekeeni kiti kilichotobolewa katikati, fundi seremala yeyote hapo Tandahimba anakitengeneza. Nazi akunie juu ya benchi refu, na mbuzi ifungwe vizuri isiteleze. Msimu ukifika tafuteni kijana wa kuokota, yeye akae kivulini achambue na kupanga madaraja, asijisikie shamba limechukuliwa. Kama uzito umezidi, kila kilo inayopungua goti linaihisi. Na siku ikifika ambayo hata kulala hawezi kwa maumivu, hapo safari ya Dar ina maana, akaonwe MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, kuhusu goti bandia, na nauli hiyo nisingeilalamikia.

Kuhusu ile 17. Steroidi hupandisha sukari kwa mwenye kisukari, kwa siku chache mpaka kama wiki, hata ikichomwa gotini, na sindano iliyolengwa vizuri haizuii hilo. Kabla ya sindano nyingine yoyote apimwe, na kama sukari iko juu siku hiyo, sindano isubiri. Akishachomwa apimwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Ikipita 15 siku mbili mfululizo, au akianza kukojoa sana na kukauka koo, mrudisheni hospitali warekebishe dawa zake. Goti kuuma zaidi siku moja au mbili baada ya sindano hutokea na huisha kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na kupumzika. Lakini likivimba, likawa la moto, akashindwa kulikanyaga au akapata homa, msisubiri mpaka asubuhi, mchukueni usiku huohuo, kwa sababu wadudu wakiingia ndani ya kiungo huliharibu goti kwa siku chache, na mwenye kisukari yuko kwenye hatari zaidi ya wengine.